Mlango Mmoja, Familia Nne

Saa tisa kasoro mchana, Bahija alikataa kutia sahihi.

"Umeingiwa na nini wewe?" aliuliza Bwana Mfeddal, au "Si Mfeddal" kama wanavyomwita, mkuu wake katika ofisi ya mipango, akimsukumia waraka mezani. Waraka huo ulilinganisha miji miwili inayotazamana ng'ambo na ng'ambo ya mto, Rabat na Salé: upi umeongezeka watu zaidi, ili ujengewe sekondari ya wasichana. Ulisema Rabat. Bila sahihi ya mtakwimu, yaani Bahija, ulifaa kufungia mbegu za maboga tu.

"Mmehesabu milango," alisema Bahija.

"Mlango mmoja, familia moja. Ndivyo tunavyohesabu siku zote."

"Huku kwenu, sawa. Kila familia ina mlango wake na kengele yake. Kwetu Salé kijana akioa, baba anamjengea ghorofa juu yake, na nondo zinaachwa zimesimama darini zikimsubiri mdogo wake. Mlango wa chini ni uleule! Nyumbani kwetu tuko familia nne, nyie mmeandika moja!"

Alikuwa amekasirika kwelikweli. Wiki tatu nzima alipanda ngazi za Salé na daftari lake, akinyweshwa chai kila ghorofa mpaka tumbo likamjaa, na hesabu yake ilionyesha Salé imezidi, tena kwa mbali. Binti za kaka zake huvuka mto kila asubuhi kwenda kusoma. Wawili walishachoka, wakaacha.

Mfeddal akawakonyeza wenzake. "Jamani, alasiri haijaadhiniwa, mbona Mslawi wetu kashapandisha wazimu?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Utani huo wa Rabat, kwamba Waslawi, watu wa Salé, hurukwa na akili ikifika alasiri, Bahija aliusikia tangu shuleni, na kila mara alicheka nao ili yaishe. Leo hakucheka. Alivuta kiti, akaketi, akakunja mikono.

"Unangoja nini, Lalla Bahija?" aliuliza Mfeddal, akitumia "Lalla", yaani Bibi.

"Alasiri."

Adhana ilipolia, alishika kalamu, akakata neno "Rabat", akaandika "Salé", akaambatisha daftari lake la ngazi, ndipo akatia sahihi.

"Haya, Si Mfeddal, peleka juu. Wakiuliza, waambie mwendawazimu wa Salé kahesabu watu. Nyie wenye akili zenu mmehesabu mbao za milango."