Mshale wa Saa Kumi na Mbili

Mjukuu wangu Mboni ni fundi wa magari. Leo naiandika sentensi hiyo kwa fahari, ingawa hadi mwezi Juni mwaka huu nilikuwa nikiitamka kama mtu anayesoma barua ya kuachishwa kazi. Nilifundisha kwa miaka thelathini na minne, kumi na mmoja ya mwisho nikiwa mwalimu mkuu, na Mboni nilikuwa nimemkusudia chuo cha ualimu. Yeye akaenda chuo cha ufundi cha VETA Lindi, akarudi na cheti safi, ovaroli ya buluu, na ombi moja: nimpe uwanja ulio kando ya nyumba yetu hapa Nangurukuru afungue gereji.

Nilimpa kwa sharti. Mbele ya bibi yake nilimwambia kwamba kazi yake ya kwanza kubwa ndiyo itakayoamua. Gari likiondoka lisirudi, uwanja ni wake. Likirudi na lalamiko, atafungasha zana zake, na Septemba ataingia chuoni. Mboni aliafiki bila kuteta. Nimemlea tangu akiwa na umri wa miaka sita, na anajua kwamba katika nyumba hii ahadi haifanyiwi marekebisho.

Aliyeteta ni mke wangu, Bi Fauzia. Kwa utani wa bibi na mjukuu, yeye humwita Mboni mke mwenza wake, na siku hiyo alisema kwamba mume wao huyu mmoja amestaafu shule lakini bado ana filimbi mdomoni.

Kazi ya kwanza kubwa ilikuja baada ya wiki tatu. Mwenye gari alikuwa Stefano, kijana mwenye adabu anayefanya kazi kwenye mitambo ya gesi kisiwani Songo Songo. Hukaa kisiwani wiki mbili, kisha huvuka kuja bara kwa wiki mbili nyingine, na hizo za bara huzimalizia juu ya usukani. Gari lake ni Subaru jeusi, lililokaa chini kama kobe, lenye bomba la moshi linaloweza kumeza mkono wa mtu mzima. Gari la namna hiyo limekusudiwa kukata kona kwa kasi kwenye lami laini. Stefano hulipeleka Njinjo kumsalimia mama yake, kwa barabara ile ile ya vumbi na makorongo tunayoijua sote. Nilipata kumwambia kwamba anavaa viatu vya sikukuu kwenda navyo shambani. Alicheka, akaendelea kuvivaa.

Sasa gari lilikuwa limechoka. Kila lilipoondoka kituoni, sehemu ya nyuma iligonga kishindo kimoja kizito, na kwenye kona mkia wake uliyumba huku na huko. Mboni aliingia chini yake akiwa na tochi, akakaa huko kwa muda wa kutosha kupika chai na kuinywa. Alipotoka alinieleza, kwa mpangilio mzuri kuliko walimu wengi niliowahi kuwakagua, kwamba tatizo ni bushi. Bushi ni pete nene za mpira zinazokaa kati ya chuma na chuma ili vyuma hivyo visipigane. Zipo kwenye mikono inayoshika magurudumu, na zipo kwenye difu, lile bonge la nyuma linalogawa nguvu za injini kwa magurudumu mawili. Za Stefano zilikuwa zimepasuka kama visigino vya mkulima. Difu ilikuwa inaruka mahali pake kila alipokanyaga mafuta.

Bushi mpya zilikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, ndani ya boksi lenye karatasi ya maelekezo kwa Kiingereza. Hapo ndipo nilipojiingiza.

Mboni aliniambia kwamba maelekezo kama hayo yapo kwenye simu, kwa picha zinazotembea, na kwamba ataangalia. Nilikataa. Nilimwambia kwamba kazi inayoamua maisha ya mtu haifanywi kwa kuchungulia simu, na kwamba karatasi iliyoandikwa husomwa. Niliichukua, nikavaa miwani, nikakaa nayo alasiri nzima pamoja na kamusi yangu kubwa. Niliitafsiri yote kwenye daftari la mistari, kwa mwandiko wa kuunganisha, vipengele kumi na vinne, kila kimoja na namba yake. Nilipomkabidhi tafsiri hiyo aliisoma kwa heshima, akanishukuru. Nakiri kwamba niliisubiri ile shukrani.

Kazi yenyewe ilichukua siku mbili, na niliitazama kutoka kibarazani nikijifanya nasoma gazeti. Mboni hana mashine ya kukandamiza. Alichukua bolti moja ndefu, washa nene, yaani pete bapa za chuma, na kipande cha bomba, akawa anakaza nati taratibu hadi bushi kuukuu ikavutwa nje ya tundu lake, ikitoa mlio kama mlango usiotaka wageni. Bushi mpya zilibana sana, kwa hiyo alizilaza kwanza kwenye friza la bibi yake ili ganda lake la chuma lisinyae. Kwa siku mbili mteja aliyekuja kununua barafu za ubuyu alilazimika kusubiri wakati Bi Fauzia akitenganisha bidhaa yake na vipuri vya Stefano. Kipengele cha kumi na tatu kilisema bolti zote zikazwe mwisho kabisa, magurudumu yakiwa yamekanyaga ardhi, ili mpira usibaki umejikunja. Alilishusha gari, akakaza akiwa amelala kifudifudi kando yake. Nilitikisa kichwa kwa kuridhika. Hicho kipengele nilikiandika vizuri sana.

Stefano alilichukua Jumamosi, akaelekea Njinjo. Jumatatu asubuhi alirudi.

Alishuka, akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba. Kisha akasimama akizungusha funguo kidoleni, akiona haya kwa niaba yetu.

"Mwalimu, mbele imekuwa nzuri ajabu," alisema. "Ila nyuma bado inagonga. Tena sasa inagonga kwa hasira."

Mboni alilipandisha gari kwenye jeki, akaweka stendi, akaingia chini. Alishika kila bolti. Hakuna iliyolegea. Alitoka akaenda kuchukua daftari langu, akaanza kusoma kipengele kimoja baada ya kingine kwa sauti, akiweka kidole kwenye mstari, huku Stefano akimmulikia. Alipofika kipengele cha tisa alisoma: "Kwenye bushi za difu, alama ya mshale ielekee saa kumi na mbili."

"Mshale uko wapi?" niliuliza.

"Uko huko huko ulikosema, Babu. Njoo uone."

Nilikunja kanzu, nikainama kadiri magoti yangu yanavyoruhusu, nikachungulia. Mshale ulikuwa umeelekea juu, wima kabisa.

"Hapo ni saa sita," nilisema.

"Babu, hapo ndipo kumi na mbili ilipoandikwa."

Nilimwomba Bi Fauzia atuletee saa ya ukutani kutoka sebuleni, ile niliyopewa na wazazi siku ya kustaafu. Aliileta, akaishika kifuani kama picha ya pasipoti, sote tukaizunguka. Nilieleza kwa utulivu. Karatasi ya Kiingereza ilisema mshale uelekee six o'clock. Saa hiyo ya Waingereza, kila mtu kuanzia hapa hadi Pande anajua kwamba kwetu ni saa kumi na mbili. Na inapotimia saa kumi na mbili, jua likizama, akrabu fupi huwa wapi? Huwa chini, kwenye tarakimu ya sita. Kwa hiyo mshale ulipaswa kuelekea chini. Nimefundisha watoto kusoma saa kwa miaka thelathini na minne, na sikuona mahali nilipokosea.

Mboni alinisikiliza hadi mwisho, kwa sababu ndivyo nilivyomfunza.

"Nimeelewa, Babu," alisema. "Lakini chini ya gari jua halizami. Mimi nimeona kumi na mbili, nikaitafuta kumi na mbili."

Stefano aligeuka akatazama barabarani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mboni alimweleza kilichotokea: bushi ile ina upande mnene unaopaswa kubeba difu kwa chini, na upande wenye uwazi unaokaa juu. Yeye alikuwa ameupeleka unene juu. Difu ya Stefano ilikuwa imekwenda Njinjo na kurudi ikikalia hewa.

Bi Fauzia alikuwa bado ameshika saa.

"Hiyo six o'clock," aliniuliza, "maana yake ni mshale uangalie wapi?"

"Chini."

"Sasa hilo neno chini, mwalimu, lilikukosea nini hata usiliandike?"

Nimeulizwa maswali na wakaguzi wa wilaya na wa mkoa, na sikumbuki swali jingine lililoniacha nimesimama vile.

Nilipogeuka nilimwona Mboni ameketi kwenye kigoda, akifuta spana moja baada ya nyingine kwa kitambaa na kuziingiza kwenye mfuko wake wa turubai. Alizipanga kwa ukubwa. Stefano naye aliona, akaacha kucheka. Alikuwa amesikia habari za sharti langu. Nangurukuru nzima ilikuwa imesikia. Alianza kunieleza kwamba lile halikuwa lalamiko, ilikuwa taarifa tu.

"Ulilalamika, Kaka Stefano," Mboni alisema bila kuinua uso. "Umesema inagonga. Nitazipindua hizo bushi leo hii, usiondoke na ubovu, halafu nitafunga gereji. Babu alishasema."

Hakusema kwa uchungu wala kwa kunisuta. Alisema kama mtu anayetaja siku ya juma. Nilimtazama akiweka spana namba kumi na saba baada ya namba kumi na sita, na ikanijia kwamba miaka yote ile nilikuwa nimemfundisha msichana huyu kusimama wima hata pale ambapo kuinama kidogo kungemfaa. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kulishika somo langu namna ile. Na mimi ndiye niliyemkosesha mtihani kwa kuandika swali vibaya.

Palikuwa na njia ya kujitetea. Tafsiri yangu ilikuwa sahihi. Mwalimu yeyote wa lugha angenipa alama zote. Niliipima njia hiyo kwa muda nisiopenda kuutaja. Kisha nikavua miwani.

"Mboni, rudisha spana."

"Babu, ulisema..."

"Nilisema juu ya kazi ya fundi. Fundi alipewa maandishi akayafuata neno kwa neno. Kilichorudi na lalamiko ni maandishi, na maandishi ni yangu. Kosa ni langu."

Bi Fauzia aliishusha saa taratibu hadi kwenye mkeka. Tumeoana miaka arobaini na sita, na nadhani alitaka mikono yake iwe huru ili ashike vizuri alichokisikia.

Mboni aliinua uso. Aliutazama mfuko, akanitazama mimi, kisha kitu fulani cha utundu kikaanza kwenye pembe ya mdomo wake. Mimi na yeye ni watani kwa desturi, lakini kwa miaka yote nilikuwa nimeiacha desturi hiyo kwa bibi yake.

"Na adhabu, mume wangu?" aliuliza. "Shuleni kwako aliyekosa alifanywaje?"

"Alifanya masahihisho," nilijibu. "Sentensi sahihi, mara ishirini, kwa mwandiko safi."

"Basi daftari unalo."

Stefano aliomba ruhusa ya kucheka, nikampa.

Bushi za difu zilitoka bila ubishi, kwa kuwa zilikuwa bado mpya. Zililazwa tena katikati ya barafu za ubuyu, na kabla ya adhana ya alasiri zilikuwa zimerudi mahali pake, mshale ukitazama ardhi. Mboni alilishusha gari, akakaza bolti magurudumu yakiwa chini, akajipangusa, akaniambia kwamba aliyeandika ndiye atakayekagua.

Ndivyo nilivyojikuta ndani ya gari la mashindano nikiwa na kanzu na kofia, magoti yakikaribia kidevu. Stefano aliingia barabara ya Njinjo. Alipokanyaga mafuta mgongo wangu ulibanwa kwenye kiti, nami nikatega sikio kwa nyuma. Hakuna kishindo. Tulivuka korongo la kwanza, la pili, na lile la tatu ambalo kila dereva hulitaja kwa jina baya. Gari lilipita juu yake kama mtu anayekunja mkeka. Kwenye kona mkia ulifuata kichwa kwa utii. Nilimtaka arudie kona ile, kwa ajili ya uhakika. Aliirudia. Nilimtaka airudie tena, na safari hiyo sikutoa sababu.

Tuliporudi, Mboni alikuwa amesimama mlangoni mwa uwanja, mikono nyuma, kama wanafunzi walivyokuwa wakisimama siku ya matokeo. Stefano alishuka akamwambia kwamba wiki ijayo atawaleta wenzake wawili wa Songo Songo, wote na magari yao. Mimi nilichelewa kushuka kwa sababu ya magoti.

"Uwanja ni wako," nilimwambia nilipofanikiwa kusimama.

Jioni ile, kabla ya magharibi, niliketi kibarazani na daftari. Niliandika: Mshale uelekee chini. Niliandika bila haraka, kila herufi na mkia wake, hadi ukurasa ukakaribia kujaa. Mboni aliuchukua, akaubandika ukutani juu ya meza yake ya zana, na bado upo hapo. Wateja huusoma wakisubiri. Kisha akarudi kibarazani na kalamu yangu nyekundu mkononi.

"Nimehesabu, Babu," alisema. "Ziko kumi na tisa."

Nilimpa changamoto ahesabu upya, tukaenda kuhesabu pamoja, kidole chake na changu. Zilikuwa kumi na tisa. Nikaipokea kalamu, na kwa kuwa ukurasa ulikuwa umeshabandikwa, nikaiandika ya ishirini nimesimama.