Mkono Wenye Bangili

Wavamizi kutoka Zuhura walifika duniani kwa sufuria mbili zilizofunikwa mdomo kwa mdomo na kupakwa rangi ya fedha. Chombo chao kilishuka kikiyumba juu ya mji wa maboksi, na kila kilipokaribia kutua, mkono wenye bangili ulijitokeza pembeni ukakisaidia.

Baba, fundi makochi, aliipiga filamu hiyo ndani ya karakana yake bintiye akiwa bado mdogo. Ngozi za wavamizi zilikuwa sponji za makochi. Siku ya kuionyesha, watu walicheka palipotakiwa waogope. Baba akaifungia kamera kabatini, akarudi kwenye nyundo na misumari yake.

Sasa ukumbi wa mtaa ulitaka kuionyesha tena, Jumamosi. Binti, ambaye sasa alihariri video za harusi, aliapa kimoyomoyo kwamba safari hii hakuna atakayemcheka baba yake. Akakaa mbele ya kompyuta akifuta. Akafuta uzi wa nailoni ulioning'iniza sufuria. Akafuta kivuli cha mshika taa. Mkono ndio uliomtesa. Aliufuta picha baada ya picha hadi macho yakawa mekundu.

Ijumaa akawaita wazazi sebuleni. Chombo kikatua chenyewe, taratibu. Hakuna aliyecheka. Baba alipiga miayo, akaiziba kwa kiganja.

"Umefanya kazi safi, mama," alimwambia bintiye.

"Safi nini?" Mama alidakia. "We mtoto, mkono wangu uko wapi?"

"Nimeutoa. Ulikuwa unaonekana."

"Kwa nini usionekane? Nimejibanza nyuma ya pazia mchana kutwa, bega limekufa ganzi, baba yako ananifokea 'shusha, shusha kidogo', leo sufuria zangu zimepaa zenyewe?"

"Nilimwambia avue bangili," Baba alinong'ona. "Akagoma."

"Ningezivua ningeziweka wapi, kwenye sayari yako?"

"Mama, watu watamcheka."

"Walishamcheka. Hata wewe, mapajani kwangu, ulicheka mpaka ukanikojolea."

Binti akairudisha nakala ya zamani, kisha yake, kisha ya zamani. Ndipo alipoona alichokiharibu. Mkono ulipokuwepo, mtazamaji aliwaona watu wanaotaka kwa roho moja sufuria ziruke. Ulipofutwa, zilibaki sufuria mbili tu.

"Tupeleke ipi, baba?"

Baba alikitazama kioo cha kompyuta.

"Ya mama yako," alisema, akatoka nje.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Baba alikaa kiti cha mwisho, karibu na mlango, kofia mkononi kama mtu anayeaga. Chombo kikaanza kuyumba. Mkono ukajitokeza. Kicheko kikalipuka toka viti vya mbele. Binti akageuka kumtazama baba yake. Alikuwa ameshasimama.

Lakini Mama naye alisimama, akanyoosha mkono juu, bangili zikalia.

"Ni huu hapa!"

Watu wakashangilia. Baba akabaki pale mlangoni, akiangalia filamu, akimwangalia mkewe. Kisha sauti ikamtoka, ile ile ya karakanani:

"Shusha! Shusha kidogo!"

"Shusha!" ukumbi mzima ukaitikia, wakipiga makofi. "Shusha! Shusha!"

Sufuria zikatua. Baba akarudi kukaa.