Mfereji wa Mzee Jecha

Ka, ka, ka. Kifuniko cha sufuria kiligonga gizani, kikanyamaza, kikagonga tena. Mwanakheir alikibana kwa kidole, akaungua, akakitia kidole mdomoni asitoe sauti. Alfajiri ilikuwa bado haijaadhiniwa. Moto alikuwa ameukoka mdogo tu, kwa makumbi ya nazi na vijiti, ili moshi usiende chumba cha pili alikolala mkwewe. Wenziwe gizani huiba kuku na mikungu ya ndizi. Yeye alikuwa akichemsha maji.

"Naona leo jini letu limeamka mapema," sauti ilisema mlangoni.

Bi Time, mama wa mumewe Machano, alikuwa amesimama pale kanga kichwani, mikono kiunoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Unapika nini saa hizi, nasi nyumbani hatuna mzazi wa kukanda wala hatuna msiba?"

"Maji ya Wanu, Mama. Tumbo lake..."

"Tumbo lake! Tumbo la mwanao limekuwa la kitabuni? Mimi nimezaa saba, sikuchemsha hata kikombe."

Mwanakheir aliinamisha uso. Wanne katika hao saba wamelala nyuma ya msikiti, wote wadogo, na hakuna hata mtu mmoja aliyetaka kujua walikunywa nini.

"Nisikilize, Bi Karabai," Bi Time aliendelea, sasa kwa sauti ya chini, na sauti yake ya chini ndiyo iliyokuwa ya kuogopwa. "Maji haya ni sadaka ya ndugu yangu. Kuyachemsha ni kumwambia mtu usoni kwamba sadaka yake chafu. Nikikukuta tena, Wanu anahamia chumbani kwangu. Atakula kwangu, atalala kwangu, atakunywa ninayokunywa mimi. Na Machano akija kutoka mjini nitamwambia nimemchukua mjukuu wangu kwa kuwa mkewe amesoma mno."

Alilitwaa sufuria kwa pembe ya kanga, akalimwaga uwanjani. Maji yalitoa mvuke, yakanywewa na mchanga.

Hilo jina la Bi Karabai walimpa wanawake wa kijiji tangu alipoolewa huko upande wa Matemwe. Mwanakheir ni mtoto wa mjini, wa Ng'ambo, na kabla ya kuolewa alikuwa akienda darasa la jioni la akina mama, wakisoma kwa mwanga wa taa ya karabai inayovuma kama nyuki. Hapo ndipo alipojifunza kuandika jina lake, na hapo ndipo nesi mmoja alipowaambia kwamba maji yanaweza kumeta kama kioo na yakabeba maradhi, na kwamba moto ndio unaoyaua. Mwanakheir aliyashika maneno yale kama mtu aliyepewa hirizi. Masika ya mwaka hamsini na nane Wanu, mwanawe wa pekee wa miaka mitano, alikwishaendeshwa na tumbo mara mbili, hata macho yakamwingia ndani na ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Mara zote mbili alipona. Mwanakheir hakutaka kuijua mara ya tatu.

Na hiyo sadaka, huo mfereji wa maji, ulikuwa nini? Mzee Jecha, kaka yake Bi Time, aliishi Mombasa kwa miaka, mnyapara wa makuli. Alirudi na koti, na saa ya mfukoni isiyokwenda, na imani moja isiyotikisika: kwamba kila kilichopita ndani ya chuma kimesafika. Uwanjani kwake palikuwa na kisima cha tangu enzi za babu yake, kimechimbwa katika mwamba wa matumbawe. Juu yake akajenga nguzo, juu ya nguzo akapandisha tangi, akatia pampu ya mkono, akatoboa ukuta kupitisha bomba hadi njiani, na mwisho wa bomba akafunga koki ya shaba aliyoinunua Darajani. Siku ya kuufungua, mwezi wa Rajabu, kulisomwa maulidi, akachinjwa mbuzi, na koki ikafukizwa udi kama bibi harusi. Watu walitokwa na machozi. Maji yaleyale, ya kisima kilekile walichokuwa wakikitekea kwa ndoo jana yake, leo yametoka kwenye shaba, na kila aliyeyaonja alisema yana utamu wa namna ya peke yake.

Choo cha Bi Time kilikuwa nyuma ya ukuta wa Mzee Jecha, palepale, upande wa juu. Mwamba wa kule si udongo. Umejaa nyufa na mapango, ukimwaga ndoo hapa hujui itatokea wapi. Mwanakheir aliwahi kulisema hilo mara moja, kwa adabu, akiwa amepiga magoti.

"Choo kiko kwa dada yangu," Mzee Jecha alimjibu, "na kisima kiko kwangu. Na katikati pana ukuta, nimeujenga mwenyewe kwa saruji."

Utadhani maji ya chini ya ardhi yakifika ukutani hubisha hodi.

Basi wiki ile Bi Time alikuwa na kazi ya mikeka ya harusi, imeagizwa na watu wa Kendwa, na walitaka nyekundu iliyoiva. Siku nzima wakwe wawili walichemsha rangi na kuitosa miyaa ya kusukia, mikono yao ikageuka rangi mpaka kwenye vifundo. Mvua ilikuwa imepiga usiku kucha. Jioni mabaki yalibaki masufuria kwa masufuria.

"Kamwage chooni," Bi Time alimwamuru. "Usinitie madoa uwanjani, wageni wanakuja."

Mwanakheir alimwaga chooni.

Siku ya pili yake, mchana, Bi Tabia jirani alifungua koki akapiga ukelele kama aliyeona nyoka. Maji yalikuwa mekundu. Si mekundu ya damu, la, ila wekundu wa sharubati iliyotiwa maji mengi. Wanawake walikusanyika, wanaume wakashuka barazani, na Maalim Kificho, imamu wa msikiti, akaletewa maji katika bakuli jeupe. Aliyanusa. Alitia ncha ya ulimi. Akafumba macho, watu wakamngojea.

"Maji haya mengi," alisema, "yamefika kipimo cha kulatein. Na maji yaliyofika kiasi hicho hayaharibiwi na najisi ila yakibadilika rangi, au ladha, au harufu. Haya yamebadilika rangi. Kwa hiyo hayatawadhiwi. Ila rangi yenyewe siioni kuwa najisi, basi kunywa hakuna ubaya."

Watu walishusha pumzi. Mzee Jecha, aliyekuwa amesawijika kama mtuhumiwa, akapata uso wake tena.

"Mimi nimejua toka mwanzo!" alisema. "Hicho ni chuma! Bomba linatoa chuma, na chuma ndicho kinachotia damu. Mombasa Wazungu wanakinunua kwa chupa, kijiko asubuhi kijiko jioni. Nyinyi mnakipata bure, halafu mnapiga kelele."

Wale wale waliopiga ukelele wakarudi mbio majumbani kuleta madebe makubwa zaidi. Bi Tabia, ambaye binti yake alikuwa ndani na kichanga, aliomba apite mbele ya wote, "nna mzazi mimi, nna mzazi," na wakampisha. Kwa udhu wakaenda kuteka maji kisima cha mbali, kule shamba, wanaume wazima wamebeba ndoo vichwani kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe. Vidole vyao havikustahili maji yale. Watoto wao ndio waliostahili.

Bi Time alirudi nyumbani na kopo limejaa.

"Mwite Wanu," alisema. "Mtoto hana damu, mtazame alivyo. Leo atatiwa chuma."

"Mama," Mwanakheir alisema, "itazame mikono yako."

Bi Time aliitazama. Kisha akalitazama kopo. Kwa muda mdogo sana uso wake ulikuwa uso wa mtu mwenye akili, na Mwanakheir akatumaini. Halafu mikono ile ikaingia chini ya kanga.

"Unataka kusema nini?"

"Unakijua ninachotaka kukisema, Mama."

"Nakijua. Na ukikisema mbele za watu utakuwa umemvua nguo mjomba wa mumeo. Na choo ni changu mimi! Watasema kijiji kizima kimekunywa cha Time." Alimshika Wanu mkono. "Twende, mwanangu. Utakunywa palepale mferejini, mbele ya babu yako, ili midomo ya watu wa karabai ifungwe."

Akaondoka naye, na Mwanakheir akawafuata mbio huku akijifunga kanga.

Ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Wanaume walikuwa wamekaa barazani kwa Mzee Jecha wakijisifu uchovu wa kubeba ndoo, na wanawake wamepanga foleni ya madebe. Mwanakheir aliona mbele yake njia mbili. Angeweza kupiga kelele kwamba watoto watakufa. Hilo alikwishalisema masika yote, na walimcheka. Basi hakulisema.

"Maalim," aliita, "nna suala la dini."

Minong'ono ilikatika. Kwa suala la tumbo asingepata sikio hata moja. Kwa suala la dini alipewa baraza zima.

"Uliza, mwanangu. Katika dini hakuna haya."

"Mtu ametawadha kwa maji yaliyotoka chooni. Sala yake ipo?"

Maalim Kificho alicheka kwa upole, kama anayejibu mtoto. "Haipo. Lakini ni mjinga gani huyo atakayetawadha kwa maji ya choo?"

"Nyote," alisema Mwanakheir.

"We!" Bi Time alimaka.

"Jana, kwa mikono yangu hii, nimemwaga masufuria ya rangi ya miyaa katika choo chetu. Leo rangi imetoka hapa." Aliinyanyua mikono juu, wekundu wake ukaonekana hata kwa aliyekaa mwisho wa baraza. "Na rangi haijui njia, Maalim. Imefuata njia iliyokuwapo. Siku zote maji haya yanapita huko. Leo tu ndiyo yametiwa nishani mkayaona."

Koki ilidondosha tone moja moja. Maalim Kificho alitazama mikono ya Mwanakheir, kisha akatazama maji, kisha akaanza kujipangusa ulimi kwa pembe ya kanzu.

Halafu pakawaka moto.

"Sala zangu!" alilia Bakar mwadhini. "Ya Allah, sala zangu! Tangu Rajabu natawadha hapa!"

"Na tarawehe je? Mwezi mzima tumesimama!"

"Na zile Ijumaa, Maalim, zinakidhiwa vipi? Zinageuzwa adhuhuri?"

"Wewe utakidhi wewe, mimi Rajabu nilikuwa Pemba."

"Ulirudi Shaabani, usijifiche!"

Walihesabu kwa vidole, walihesabu kwa tasbihi, wengine walinyang'anyana vijiwe vya kuhesabia. Mzee mmoja alikaa chini kabisa akisema hana umri wa kutosha kuzilipa. Simai mvuvi alisogea mbele polepole. Mwanawe wa miezi minane alizikwa mwanzo wa masika.

"Maalim," aliuliza, "na ile sala ya jeneza mliyomsalia mwanangu? Nayo haikuswihi?"

Maalim alifikiri, akasema ana wasiwasi nayo, atatazama vitabuni. Simai aliitika kwa kichwa. Mjadala ukaendelea kama kumsalia maiti aliyekwishazikwa kunafaa kaburini au la, na wenye elimu walitofautiana, na sauti zikapanda. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mtoto wa Simai alikufa kwa nini. Mwanakheir aliwatazama, wanaume hawa wenye ndevu nzuri zilizochanwa. Alikwishashinda. Hapa mferejini hatatawadha mtu tena. Na bado hakuna aliyewatazama watoto.

Mzee Jecha ndiye aliyewatazama.

"Haya, haya, tulieni!" alipiga kelele kutoka barazani kwake. Jasho lilikuwa limemrowesha kofia. "Sala ni sala na tumbo ni tumbo. Sala mtazikidhi, Mungu ni mwenye rehema. Lakini maji yangu hayana kosa! Miezi yote hii mmekunywa, mmekufa? Mnamsikiliza mwanamke aliyesomeshwa na taa!"

Aliingia ndani, akatoka na bilauri yake ya kioo, ile ya wageni wa heshima. Aliikinga chini ya koki, ikajaa wekundu mwepesi unaong'ara juani. Akateremka moja kwa moja mpaka alipokuwa Wanu.

"Njoo, mjukuu wangu. Waoneshe. Muoneshe na mama yako."

Mwanakheir aliruka, lakini foleni ya madebe ilikuwa kati yake na mwanawe, na Bi Tabia, ama kwa makusudi ama kwa kuduwaa, hakumpisha. "Wanu!" aliita. Sauti yake ilipotelea katika mabishano ya makaburi.

Bi Time bado alikuwa amemshika mtoto mkono. Hakumsogeza mbele. Hakumvuta nyuma. Aliitazama bilauri na mikono yake yeye mwenyewe kwa zamu.

Wanu aliuchomoa mkono wake, akaipokea bilauri kwa mikono miwili, kama anavyofundishwa mtoto wa watu. Aliyatazama maji yale, mazuri kama sharubati ya sikukuu. Lakini alikuwa amelelewa na Bi Time, na katika nyumba ya Bi Time mtoto hatii mkono sahanini wala mdomo kikombeni mkubwa akiwa hajaanza. Kwa hiyo aliinyanyua bilauri juu, kwa uangalifu isimwagike, akamrudishia mwenyewe, na kwa sauti nyembamba iliyofika mpaka mwisho wa baraza akasema:

"Babu, kunywa wewe kwanza."