Faili la Miezi Minane Nyuma

…na mstari wa skrini haujasogea, sitini na mbili kwa mia, sitini na mbili tangu alipoketi, si kitu, boksi jipya hujivuta, limefika asubuhi tu kutoka Unguja na bado lina nailoni zake, Khatib akaziangalia taa za kijani zikipepesa asihisi chochote, kama mtu aliyepigwa ganzi ya jino, anajua pana kidonda lakini ulimi haukipati, fayawoli hii, lango la mtandao mzima wa hospitali, nani aingie nani asiingie, ile ya zamani radi ya Jumanne iliipasua, na kompyuta iliyokuwa ubavuni mwake ikaenda nayo, sasa anamimina mipangilio ya miezi minane nyuma, faili pekee lililosalia, Talib mwenzake wa ofisini alimtumia kwa barua pepe enzi hizo, "weka na weye, hujui la kesho," akaliacha humohumo bila kulifungua… mlangoni Khairiya wa maabara anasema kitu, tangu juzi anakimbiza majibu ya damu kwa miguu, wodi hadi wodi, "Bado, Khatib? Miye miguu ishanikwisha," bado kidogo, akajibu, sauti ikatoka kama si yake, "Na faili hilo la zamani litatufaa?" litafaa nusu, mashine zenu mpya hazimo, nitaziandika upya moja moja, siku tatu, nne… "Ndo uzembe wa marehemu huo, Mungu amrehemu," akasema Khairiya, bila ubaya wowote, na nani aliyempa neno hilo kama si yeye Khatib, asubuhi, mbele ya Bi Ummi mkuu wao, alipoulizwa nakala za karibuni ziko wapi, akasema Talib ndiye aliyekuwa akishughulika nazo, sidhani kama alichukua, basi, maneno mepesi, maiti hajibu, Bi Ummi akatikisa kichwa na kuandika, wala Khatib hakuona haya, hakuona kitu, siku ya kumi na mbili leo tangu wamzike rafiki yake Pujini, yeye mwenyewe alishuka kaburini kumpokea, udongo ukamwingia kucha, wenziwe wakalia, yeye akayatafuta machozi asiyapate…

hakuchukua! Talib huyu, ambaye kila Alhamisi hakutoka ofisini mpaka kachomeka flashi yake nyeusi na kuzinakili sheria zote za lango, akipiga bismillahi kama anayechinja, Khatib akimcheka, naye akijibu, "Akiba haiozi, bwana," na haikuoza, ilifutwa, siku ya tatu, hitma imeisha, majamvi yanakunjwa, Bi Mwanapili mamaake Talib akamshika mkono, macho yake hayaoni tena herufi za msahafu, "Mwanangu, nitilie Yasini kwenye kiredio changu cha flashi, nipate kumsikilizia mwenzio," na nani wa kumkatalia mama aliyefiwa, akaja mbio ofisini, droo ya Talib, flashi ile, akaona mafaili yenye tarehe, tele, haya si yamo kwenye kompyuta, akasema moyoni, akafuta yote, akatia Yasini, akatia Tabaraka, akajiona kafanya jambo la thawabu, na huenda ni thawabu kweli, mama wa watu anasikiliza kila alfajiri, nani hapa Pemba angekaa kuchungulia mafaili huku Yasini inangojwa… na kesho yake akaifuta akaunti ya Talib, utaratibu ndio huo, aliyeondoka jina lake linaondolewa, una hakika? ndiyo, akabofya, akaenda kunywa chai… lakini faili hili ni la miezi minane nyuma, ngoja, humu Talib yumo, mstari ukifika mwisho orodha ya watumiaji itafunguka na jina lake litakuwa la kwanza, juu ya la Khatib, maana ndiye aliyekuwa mkubwa wake, akaunti hai, ruhusa zote, na itabidi alifute tena kwa kidole kilekile, naye keshamfuta mara tatu, flashi, jina, na leo asubuhi sifa yake, zile mbili alikuwa na udhuru, hii ya leo hana, hii aliifanya kwa hofu ya kazi tu, kwa woga wake mwenyewe, na hapo ganzi ikamwachia, kidonda kikauma, Yarabi, kinauma… "Khatib? Una nini?" mstari ungali palepale, Khairiya kaingia mpaka ndani, karatasi kazikumbatia, "Nakala zilikuwapo," akasema Khatib, "kila wiki alichukua, miye ndo nilozifuta," "Umesemaje?" akataka kurudia, aseme wazi, amwite na Bi Ummi asikie, akafungua kinywa, Talib, akaanza, Talib… na hapo hapo jina likamshinda.