Mama Mkwe na Mpira wa Pembe Nne

Je, wewe umewahi kuona mpira wa pembe nne? Sisemi ule wa kuchorwa na mtoto asiyejua kushika penseli. Nasema mpira wenyewe, unaoruka, unaogonga ukuta na kurudi, na pembe zake zote nne zipo pale pale kama kipande cha sabuni kilichokatwa vizuri dukani. Hujauona? Basi Persis aliuona, Nyakoe, Desemba ya mwaka wa sabini na saba, katika chumba cha nyuma cha hoteli ya mumewe, na moyo wake haukutulia tena.

Persis huyu alikuwa mama wa makamo, mke wa Ombati mwenye hoteli ya chai kando ya barabara ya kwenda Kisii. Yeye ndiye aliyekanda unga wa mandazi, akachemsha maziwa, akasugua masufuria kwa jivu mpaka unajiona meno. Walikuwa Wasabato. Jumamosi mlango ulifungwa, na siku nyingine waliwauzia watu chai ambayo wao wenyewe, kwa imani yao, hawakuinywa; kikombe cha Persis kilikuwa cha mchaichai. Alikuwa na tabia moja ambayo hata mumewe hakuwa ameitambua: hakuwahi kusema anataka kitu. Akisikia baridi, alisema mlango ufungwe wageni wasije wakapata mafua. Akiona njaa, aliuliza kama watu wameshiba.

Mwanawe Josiah alikuwa fundi wa redio mjini Kisii. Mhandisi mmoja Mzungu aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao alimwachia kisanduku cha plastiki chenye waya mbili fupi, na mwisho wa kila waya kidude cha kuzungusha. Josiah alikileta Nyakoe kwa sababu hoteli ilikuwa na umeme na televisheni ndogo, ambayo kioo chake hakikuzidi sahani ya kulia ugali. Picha za Nairobi zilifika pale zikiwa zimechoka. Mara nyingi uliona mchele mtupu ukichemka. Lakini Josiah alipounga kile kisanduku, mchele ulitoweka. Likabaki giza safi, na katikati ya giza mstari wa vidoti kutoka juu hadi chini, kama uzi wa fundi cherehani anaposhikiza nguo kabla ya kuishona. Kushoto fimbo fupi nyeupe, kulia nyingine. Na kati yao, mpira.

Jirani yao Mama Kemuma, muuza ndizi ambaye ulimi wake haukuwahi kupumzika, aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, akauliza watu wako wapi. Josiah akamweleza kwamba fimbo ndiyo mtu. Ukizungusha kidude, fimbo hupanda na kushuka. Ukiukosa mpira, mwenzako anapata bao.

“Huyu mtu amekonda,” alisema Mama Kemuma. “Hata tumbo hana. Mpeni uji.”

Watu walicheka, lakini Persis, aliyesimama mlangoni na birika, hakucheka. Aliona kitu cha ajabu. Pale hapakuwa na mzee wala kijana, maskini wala tajiri, wala aliyevaa viatu na asiyevaa. Kulikuwa na fimbo mbili zinazofanana, na kilichozitofautisha ni mkono tu.

Tangu siku ile hoteli ilijaa kila Jumapili. Na aliyetawala alikuwa Nyangau. Nyangau alikuwa mfanyabiashara wa Magwagwa, mwenye pikapu na maneno mengi, naye ndiye aliyemwoa Bonareri, binti ya Persis. Alidai amekuja kuwasalimia wakwe zake. Salamu zenyewe zilikwisha kabla hajafika chumba cha nyuma. Alikaa amekunja magoti mbele ya kile kioo kidogo, macho karibu kama mtu anayetoa mwiba, akawafunga wote. Alimfunga Josiah, akamfunga mwalimu wa shule, akamfunga Ombati mwenyewe mpaka mzee akaenda kukagua magunia ya sukari ambayo hayakuhitaji kukaguliwa.

“Nyakoe hamna mikono,” Nyangau alisema. “Mna vijiko.”

Persis alisikia, akamimina chai. Josiah alimwambia ajaribu na yeye, akajibu kwamba anachotaka ni chai isipoe. Lakini asubuhi za katikati ya wiki, unga ukiwa unaumuka chini ya kitambaa, Persis aliingia chumba cha nyuma, akawasha, akashika vidude vyote viwili. Mkono wa kulia ulicheza na wa kushoto. Vidole vyake vilijua kazi hiyo, maana maisha yake yote alipandisha na kushusha utambi wa taa na wa jiko la mafuta ya taa, na anayefanya hivyo kwa pupa hupata moshi. Tatizo lilikuwa macho. Yalikuwa macho ya mtu wa makamo: ng'ombe wa ng'ambo ya bonde aliwahesabu, uzi wa sindano ulimshinda. Waya zilikuwa fupi, ikabidi akae karibu, na kwa karibu ule mpira ulikuwa punje ya wimbi iliyoingia ukungu.

Hilo lilikuwa jambo la kwanza. La pili lilikuwa zito zaidi. Kwetu Gusii, mama mkwe na mkwe wake wa kiume wana ensoni, ile heshima yenye haya ndani yake. Hawapeani mikono. Hawaketi kiti kimoja. Mkwe akija, mama hupita upande wa pili wa uwanja akisalimia kwa mbali. Sasa angewezaje kukaa goti kwa goti na Nyangau mbele ya kioo cha ukubwa wa sahani, mabega yakigusana? Angeweza kucheza na mtu yeyote pale ndani, ila yule mmoja aliyemtaka. Naye alimtaka huyo tu. Usiku alipofumba macho aliona mpira ukiruka na kumpita Nyangau.

Basi alianza kwa mbali, kama kawaida yake. Alimwambia Josiah kwamba wageni wanaumia magoti, afadhali arefushe waya. Josiah akarefusha. Jumapili iliyofuata Persis akasema chumba kina upepo, akafunga kamba kutoka ukutani, juu ya televisheni, mpaka kwenye boriti ya mlangoni, akatundika leso yake kubwa nyekundu. Leso ilikigawa chumba sehemu mbili, na ukingo wake ukaangukia sawasawa juu ya ule mstari wa vidoti.

Ombati aliuliza upepo gani huo unaopita katikati ya chumba.

Hapo ikabidi Persis aseme kidogo. Alisema ni vibaya mkwe kutoka Magwagwa akose mtu wa kucheza naye kwa kuwa wote wameshafungwa. Mgeni hakai bure. Ikiwa hakuna mwingine, atajitolea yeye, akae upande huu na mgeni upande ule.

Nyangau, aliyekuwa na mandazi mdomoni, aliacha kutafuna akatazama sakafu.

“Persis,” alisema Mama Kemuma, “unataka kushindana na mkwe wako? Kesho mtapigana mieleka?”

Ombati alikunja uso. Alisema mambo mengine hayachezewi, na kwamba hata leso ikiwa nene namna gani, watu watasema mama mkwe na mkwe walikutana humu ndani.

“Tumekutana wapi?” aliuliza Persis. Alionyesha kioo kwa kijiko cha kuchotea sukari. “Hebu tazama pale, Baba Josiah. Nionyeshe Persis. Nionyeshe mume wa Bonareri. Pangekuwa na sura za watu, pua na nguo, ningebaki jikoni kwangu. Hizi ni fimbo mbili. Na hata hizo fimbo hazivuki ule mstari, kila moja iko kwao.”

Ombati aligeukia kioo. Alitazama fimbo ya kushoto, akatazama ya kulia. Mwishowe akasema kwamba kweli fimbo haina mkwe.

Wakakaa. Lakini wewe sikia yaliyotokea. Kioo kilikuwa kidogo mno, na leso ilikuwa pana. Persis akaona nusu yake tu, na Nyangau nusu yake tu. Mpira ulizama kwenye leso na kutokea ghafla kama panya kutoka ghalani. Persis alizungusha huku, mpira ukapita kule. Upande wa pili Nyangau aliuliza kama bado wanacheza. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na Persis akarudi jikoni akiwa na uso wa moto, akakanda unga ambao ulikuwa umekwisha kukandwa.

Josiah alimfuata. Alimtazama mama yake akipiga ule unga ngumi, akaelewa kwamba hapa hapakuwa na habari ya wageni wala upepo. Alhamisi alifika na pikapu ya kukodi, na nyuma yake televisheni ya sanduku la mbao, pana kama kabati la vyombo. Mwenye televisheni hiyo alikuwa amemuuzia kama takataka kwa sababu sauti yake ilikufa. Lakini mlio wa mchezo, ule wa tik na tok, ulitoka kwenye kisanduku chenyewe. Televisheni ikiwa bubu, haikudhuru. Ilikalia meza nzima, na Jumapili ilipofika leso ilisogezwa nyuma hatua kadhaa, ikawatenganisha watu bila kugusa kioo. Kila mmoja aliona uwanja wote.

Persis alikaa juu ya gunia la unga, mbali, karibu na mlango. Josiah akawasha. Hapo Persis akashusha pumzi. Mpira haukuwa punje tena. Ulikuwa kipande cha sukari cheupe, chenye kingo. Aliona vidoti vya mstari kimoja kimoja. Aliona kwamba mpira ukigonga katikati ya fimbo hurudi umenyooka, na ukigonga ncha huruka kwa mshazari, jambo ambalo kwenye kile kioo kidogo alikuwa akilihisi tu.

Nyangau naye alikaa upande wake, akasema kwa sauti ya adabu kwamba atacheza na mama taratibu. Mabao ya kwanza yalikuwa yake. Mama Kemuma alitangaza kwamba Magwagwa wameanza kuvuna. Lakini ukitazama vizuri, Nyangau hakuwa ametulia. Mkono wake ulikuwa umejifunza kwenye kioo kidogo. Pale, akizungusha kidogo, fimbo ilisogea upana wa kidole, na jicho lake lilizoea kidole. Hapa, mzunguko ule ule uliipeleka fimbo upana wa kiganja, jicho likashtuka, mkono ukarudisha haraka, na fimbo ikapita mahali palipotakiwa. Akasogeza kiti mbele kwa mazoea yake. Karibu, kioo kile kilimjaa uso, akawa anageuza shingo kuutafuta mpira.

Persis alizungusha kama anayeshusha utambi. Kidogo. Kidogo tena. Tik. Tok. Akapata bao, chumba kikaguna. Akapata la pili. Alianza kutumia ncha ya fimbo, akiupeleka mpira pembeni juu, halafu pembeni chini, na ile fimbo ya Nyangau ikawa inapanda na kushuka kama mtu aliyepoteza ufunguo. Ombati, aliyekuwa amesimama nyuma ameficha mikono, alijikuta amekaa kwenye kreti ya soda na kidevu mkononi. Mwalimu wa shule akaanza kusoma mabao kwa sauti. Wapita njia walisimama dirishani.

Wakalingana. Lilibaki bao moja la kuamua, na mpira wa mwisho haukuisha. Ulikwenda na kurudi, na kila ukirudi uliongeza mwendo, mpaka tik na tok zikawa karibu sauti moja. Persis hakusikia watu tena. Hakumwona Nyangau wala leso. Alikuwa ndani ya lile giza safi, mwembamba, mweupe, bila umri, bila magoti yanayouma. Mpira ulikuja chini. Alishuka nao, akaupokea kwa ncha kabisa, ukaruka kwa mshazari hadi ukuta wa juu, ukagonga, ukashuka nyuma ya fimbo ya Magwagwa.

Namba za mabao zilibadilika. Halafu chumba kilipasuka. Mwanamke mmoja dirishani alipiga kigelegele, wengine wakampokea, na dereva wa lori la chai aliyesimama barabarani akapiga honi bila kujua sababu. Mama Kemuma alipanda juu ya benchi akatangaza kwamba vijiko vya Nyakoe vimekomba sufuria la Magwagwa. Josiah alikuwa akipangusa macho akisingizia moshi.

Nyuma ya leso Nyangau alikohoa. “Mama,” alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha, “umenifunga. Nimekubali. Nitasema mwenyewe nyumbani, kabla hawajasikia kwa wengine.”

Ombati aliinuka kwenye kreti. Alikuwa na furaha ambayo hakujua aiweke wapi, akaanza kumwahidi mkewe vitu mbele ya watu: leso mpya, viatu vya kanisani, kuku mzima wa kwake peke yake. Akamwambia achague. Achague chochote, aseme anataka nini.

Persis aliangalia meza. Vikombe vilikuwa vitupu, na kwa mazoea mdomo wake ulifunguka kusema wageni wapewe chai. Ukafungwa. Bado alikuwa amekishika kile kidude, kikiwa na joto la mkono wake.

“Nataka kucheza tena,” alisema. “Nilitaka tangu siku ile Josiah alipofungua kisanduku, na sikusema. Nataka sasa, na Jumapili ijayo nataka. Baba Josiah, birika liko jikoni. Leo wewe ndiye utakayemimina.”