Rangi ya Kifua Kikuu

Mwaka 2000, vita vilipofunga mto, rangi za maabara ziliacha kufika Kisangani. Marthe, aliyekuwa amechungulia vipande vya nyama za wagonjwa kwa hadubini miaka kumi na tisa, alibaki mikono mitupu. Nyama isiyotiwa rangi haisemi kitu, ni uji mtupu. Siku moja akaambiwa kwamba kesho yake asubuhi Daktari Évariste angempasua Papa Ezéchiel, mchuuzi wa samaki kutoka Yanonge, amkate utumbo wa chini na kumtoboa tumbo awe anatolea choo hapo maisha yake yote. Kidole cha daktari kilikuwa kimegusa uvimbe mgumu kwenye njia ya choo, unaotoa damu. Kansa, alisema.

Marthe alikasirika. Kumkata mtu kwa ushahidi wa kidole! Akafungua kabati. Zilikuwapo chupa mbili tu, nyekundu na bluu, rangi za kusakia kifua kikuu, zilizoletwa kwa ndege.

Daktari akacheka. "Marthe, mutu iko na ugonjwa ya tumbo, weye unamutafutia kifua kikuu?"

Akosaye la mama hata la mbwa huamwa. Marthe alichukua nyama iliyokatwa kwenye uvimbe wa Ezéchiel, akaichanja kwa wembe vipande kumi na viwili vyembamba, akavitia rangi, akaipeleka hadubini kwenye dirisha ambalo mabomu yalikuwa yamelimaliza vioo, akageuza kioo cha chini kipokee jua.

Akachungulia. Mayai! Marefu, kila moja na mwiba mkiani, maganda yakiwaka rangi nyekundu. Chembe za mwili, za bluu, zilikuwa zimeyazingira hadi zikafanya donge, ndio uvimbe ule. Ilikuwa bilharzia, kichocho cha tumbo cha mto wao wenyewe, ambacho ganda la yai lake huinywa rangi ile ya kifua kikuu.

Moyo ulitaka kupiga kelele, lakini Marthe si mtu wa pupa. Kansa inaweza kukaa jirani na mayai. Akapitia vipande vyote kumi na viwili, polepole. Hakukuwa na chembe hata moja iliyogeuka kansa.

Daktari alichungulia kwa muda mrefu. Safari hii hakucheka.

"Bon. Kesho hakuna opération. Tutamupa vidonge, kisha miezi mbili tutaangalia tena."

Ezéchiel aliitwa pamoja na mkewe Angélique. Walipoelezwa, Ezéchiel akang'ang'ania aone mwenyewe kwa hadubini.

"Haya yote iko yangu?"

"Iko yako, papa," akajibu Marthe.

"Ee! Nilishaaga watu, kumbe nilikuwa nalalia mayai kama kuku!"

Marthe alicheka hadi mbavu zikamuuma. Hata daktari alicheka. Angélique hakucheka. Miezi miwili alikuwa amefua nguo zenye damu bila kutoa chozi. Sasa aliketi sakafuni, akaangua kilio cha msiba, wauguzi wakaja mbio.

"Nani alikufa?"

"Hakuna mutu," akajibu Ezéchiel mwenyewe, akiinama kumwinua mkewe.