Sukari ya Kumrudisha Ghizlane

Lalla Zhor aliyapanga mezani mabonge ya sukari yaliyochongoka, kila moja katika karatasi yake ya buluu, kwa madaha kana kwamba amekuja kuposa upya. Mwanawe Abdelhak alikaa pembeni akitazama zulia. Pale mjini Fes hata mtoto anajua maana ya sukari ile: mume amekuja kumchukua mkewe aliyerudi kwao kwa hasira. Baba wa mke akishaivunja na kuitia kwenye birika la chai, ugomvi umekwisha, na hakuna ruhusa ya kuufukua.

Ghizlane, mke mwenyewe, alisimama mlangoni mwa jikoni, damu ikimchemka. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa nini? Fangasi! Fangasi wa ukeni, wanaowawasha wanawake wa kila mtaa, ila kila mmoja ananyamaza na lake. Alipotumia dawa walipoa, kisha wakarudi. Daktari alimwambia waziwazi kwamba si uchafu wala si uzinzi, aache kujiosha ndani kwa siki, na mumewe naye aje apimwe, maana anajikuna vilevile. Abdelhak alicheka. "Mimi mwanamume, nipimwe nini? Hilo ni joto la karakana ya viatu tu."

Hilo Ghizlane angelimeza. Lakini mama mkwe alivuka mpaka. Hamamuni, kwenye bafu la umma, mbele ya wanawake wa mtaa mzima, alivuta ndoo yake kando akapaza sauti: "Jamani, msichangie maji na huyu. Mchafu, na Mungu ndiye ajuaye maradhi yake kayaokota wapi." Siku hiyo hiyo Ghizlane alifunga virago.

"Haji Tayeb," Lalla Zhor alimwambia baba yake Ghizlane, "sisi tumesamehe."

Wamesamehe! Kana kwamba aliyekosa ni Ghizlane.

"Lakini binti yako naye ajifunze usafi," aliendelea yule mama, na mdomo ulipopata njia haukusimama. "Naona aibu kusema. Choo cha chini, pale karakana, kimejaa sisimizi! Asubuhi namwaga klorini, jioni wamerudi jeshi zima. Nyumba ina mke, au ina pambo?"

Haji Tayeb alikuwa ameshainua nyundo ya shaba juu ya sukari. Aliishusha polepole.

"Choo hicho anakitumia nani, Lalla?"

"Nani mwingine? Si Abdelhak, anayeshinda huko akishona viatu! Maskini mwanangu, kiu haimwishi, anakunywa maji kama ngamia, na kutwa mbio chooni."

"Marehemu kaka yangu alianza hivyo hivyo," Haji alisema. "Sisimizi hawafuati uchafu. Wanafuata sukari kwenye mkojo."

Abdelhak aliinua uso kwa mara ya kwanza. Ghizlane akatoka mlangoni.

"Ndiyo maana daktari alimtaka apimwe! Sukari ikizidi mwilini fangasi wanastawi, na mume na mke wanaweza kuambukizana. Nilimwambia, Baba. Alinicheka."

Lalla Zhor alijipiga kifua. "Mwanangu ana sukari! Mtihani gani huu, ya Rabi!" Alimkumbatia Abdelhak, akamfuta jasho kwa kitambaa chake mwenyewe, akaagiza maji, akaagiza limau, akawalaani majirani wenye kijicho. Hata Haji alimshika mkwewe bega na kumwambia apone.

Ghizlane aliwatazama wote watatu, na hasira ikampanda upya, kali kuliko ya hamamuni. Kumbe yaliyomwasha yeye ni uchafu na umalaya, ila yakimwasha Abdelhak ni mtihani wa Mungu! Hakuna hata mmoja aliyegeuka kumtazama.

"Lalla Zhor."

"Nini tena, binti yangu? Tumpeleke hospitali haraka, vaa jelaba yako."

"Apelekwe, na apone. Mimi siendi popote." Alilichukua bonge moja la sukari mezani, akamrudishia mikononi. "Uliniita mchafu mbele ya wanawake wote. Rudi hamamuni, waambie wote pamoja kwamba ulisema uongo."

"Mwanamke wa umri wangu? Mbele za watu?"

"Mbele za watu."

Lalla Zhor alimgeukia Haji Tayeb amwokoe. Haji aliweka nyundo chini ya meza.

"Siku ya wanawake hamamuni ni Alhamisi," Ghizlane alisema. "Nitawahi nikushikie nafasi."